Blabu kwanza, matangazo baadaye

Swali ninaloletewa mara nyingi na waandishi wanaojichapishia ni hili: "Kitabu kimeshatoka, sasa nikitangaze vipi?" Kabla sijajibu huomba nionyeshwe ukurasa wa kitabu chenyewe kwenye duka la mtandaoni, na mara nyingi jibu huwa liko pale pale. Tangazo humleta mtu hadi kwenye ukurasa huo, basi. Yanayomfanya anunue ni jalada, blabu, yaani yale maneno ya nyuma ya jalada, na kurasa za mwanzo. Vitatu hivyo vikiwa hoi, fedha unayotia kwenye matangazo inakwenda kuwaonyesha watu wengi zaidi kitu ambacho hawatakinunua.

Wahenga walisema chema chajiuza. Sijui walikuwa wanauza nini, ila sidhani kama kilikuwa kitabu cha mwandishi asiyejulikana.

Mimi ni mhariri, kwa hiyo katika vitatu hivyo napendelea kuanza na blabu, ambayo dukani mtandaoni hukaa chini ya jina la kitabu. Wengi huiandika mwisho kabisa, mswada umeshawachosha na hamu imekwisha. Nashauri uiandike ukiwa bado kwenye rasimu ya kwanza. Mwandishi akishindwa kueleza kwa maneno 150 mhusika wake anataka nini na nini kinamzuia, tatizo kwa kawaida haliko kwenye blabu. Liko kwenye hadithi. Miswada ambayo mhusika mkuu anasukumwa tu na matukio hadi katikati ya kitabu, yeye mwenyewe hajaamua lolote, blabu zake hugoma kuandikika, na ni afadhali ujue hilo ukiwa sura ya tatu kuliko ukiwa umeshalipia usanifu wa kurasa.

Tuchukue mfano wa riwaya niliyoibuni hapa hapa. Blabu ya kwanza:

"Hii ni riwaya ya kusisimua inayohusu mapenzi, usaliti, tamaa na matumaini. Mwandishi ameusawiri kwa ufundi mkubwa mkasa wa mwanamke jasiri anayepitia magumu mengi. Ukianza kuisoma hutaiacha."

Na ya pili:

"Siku arobaini baada ya kumzika mumewe, Zuhura anapigiwa simu na benki: marehemu alifika jana kutoa fedha, na sahihi ni ile ile. Shemeji zake wanataka nyumba iuzwe kabla ya mwezi kwisha. Akinyamaza, yeye na watoto watabaki bila makao. Akisema alichoambiwa, itabidi kaburi lifukuliwe."

Ya kwanza unaweza kuibandika nyuma ya riwaya yoyote na hakuna atakayestuka. Maneno yake yote ni hukumu, na hukumu hiyo ni haki ya msomaji, si yako. Ya pili haijisifu popote. Ina mtu mwenye jina, ina jambo lisiloelezeka, ina muda unaokatika, na ina njia mbili ambazo zote zina gharama. Angalia pia imekomea wapi: hatujui nani alikwenda benki, wala hatudokezewi. Waandishi wengi huogopa kunyima habari, wakaeleza mpaka robo ya mwisho ya kitabu. Mimi hutumia kipimo hiki: blabu isivuke tukio la kwanza kubwa linalomzuia mhusika kurudi nyuma. Na majina ya watu yasizidi mawili. Shemeji wana majina yao ndani ya kitabu, hapa wanatosha kuitwa shemeji.

Kwa kitabu kisicho cha hadithi mambo ni mepesi kidogo. Taja shida ya msomaji kwa maneno anayoyatumia mwenyewe, sema ataweza kufanya nini akimaliza kusoma, kisha sentensi moja ya kwa nini wewe ndiye wa kumwambia. Historia ya maisha yako ipeleke kwenye ukurasa wa mwandishi.

Ukishapata blabu, sentensi mbili za kwanza zichunge kuliko nyingine zote. Amazon, kwa mfano, huruhusu maelezo ya hadi herufi 4,000, lakini mnunuzi huona mistari michache tu mpaka abonyeze apate iliyobaki, na wengi hawabonyezi. Duka hilo hilo humpa mwandishi nafasi 7 za maneno ya utafutaji na makundi 3 ya kukiweka kitabu chake. Usizijaze nafasi hizo kwa maneno ambayo tayari yako kwenye jina la kitabu, wala kwa majina ya waandishi mashuhuri, maana hilo limekatazwa. Weka yale ambayo msomaji asiyekujua angeyaandika akitafuta: "mjane", "siri ya familia", "upelelezi". Kundi dogo linalokifaa kitabu lina manufaa kuliko kundi kubwa ambamo kitazama siku ya kwanza.

Kuna jambo ambalo hupuuzwa mno, nalo ni kionjo. Maduka ya vitabu vya kielektroniki humpa msomaji sehemu ya mwanzo bure, mara nyingi takribani asilimia 10. Kitabu cha kurasa 120 kinatoa kurasa kama 12. Sasa ondoa ukurasa wa haki, tabaruku, shukrani za kurasa tatu, dibaji ya rafiki yako na yaliyomo. Msomaji anafika sura ya kwanza, anasoma aya mbili, kionjo kimekwisha. Shukrani zihamishie nyuma. Dibaji pia, kama haimsaidii msomaji kuelewa kitakachofuata. Anayeshukuriwa atakuwa amekinunua, atafika tu.

Kuhusu maoni ya wasomaji, kishawishi cha kujisifia ni cha zamani. Mshairi wa Marekani Walt Whitman alijichapishia mashairi yake mwaka 1855, kisha akayaandikia tahakiki za kuyasifu bila kutia jina lake. Mwaka uliofuata akaichukua sentensi ya sifa kutoka barua binafsi ya mwandishi mashuhuri Ralph Waldo Emerson na kuichapa kwenye mgongo wa toleo la pili, pasipo ruhusa. Leo usithubutu. Maoni bandia, na yale ya ndugu na marafiki wa karibu, hufutwa, na akaunti inaweza kufungwa pamoja nayo. Njia halali ni kugawa nakala za mapema kwa wasomaji wa aina hiyo ya vitabu, wiki kadhaa kabla ya kutoka, ukiomba maoni ya kweli bila kuyalipia wala kuyapangia.

Bei nayo ina hesabu yake. Kwenye Kindle, duka la Amazon la vitabu vya kielektroniki, kitabu kinachouzwa kati ya dola 2.99 na 9.99 hulipwa mrabaha, yaani fungu la mwandishi, wa asilimia 70 katika masoko yanayostahiki, na nje ya hapo asilimia 35. Kwa hiyo kwa bei ya dola 0.99 unahitaji kuuza nakala sita hivi kupata kile ambacho nakala moja ya dola 2.99 ingekupa, kabla ya kukatwa gharama ndogo ya kusafirisha faili. Bei ya chini ifanye ya siku chache, kwa sababu maalumu. Na ukijiunga na KDP Select, mpango wa Amazon wa kuuza kwake peke yake, soma masharti: kwa siku 90 toleo la kielektroniki haliruhusiwi kuuzwa wala kugawiwa kwingine, na mkataba hujihuisha wenyewe usipousitisha.

Mitandao ya kijamii sina ugomvi nayo, ila wafuasi ulio nao huko ni wa mwenye mtandao. Anwani za baruapepe ni zako. Mara baada ya mstari wa mwisho wa hadithi, kabla hata ya shukrani, weka ukurasa mmoja wenye ombi moja tu: jiandikishe nikujulishe kitabu kijacho. Ukichanganya hapo ombi la maoni, viungo vitano na picha yako, msomaji hatafanya hata moja.

Matangazo ya kulipia ningeyaacha hadi kitabu cha pili kiwe sokoni. Ukiwa na kimoja, msomaji aliyevutwa na tangazo ananunua hicho, anakipenda, kisha hakuna kingine cha kununua, na mapato ya nakala moja ni nadra kufidia gharama ya kumpata.