Baridi yabisi kwa paka na mbwa: ni nini, na utaijuaje

Baridi yabisi ni maradhi ya viungo kuuma na kukakamaa. Inayowapata zaidi paka na mbwa wazee hutokana na kulika kwa gegedu, yaani ule utando mgumu unaoteleza, unaofunika ncha za mifupa inapokutana. Gegedu likilika, mifupa husuguana na kiungo huvimba. Halirudi tena lilivyokuwa. Kinachowezekana ni kupunguza maumivu.

Mbwa hana siri. Huchechemea, huinuka kwa taabu asubuhi, akishatembea kidogo hupata nafuu. Mtihani ni paka. Hapa Lamu, ambako kila baraza lina paka wake, watu husubiri achechemee ndipo waseme anaumwa, na wengi hawachechemei kamwe. Angalia alichoacha kufanya. Aliyekuwa akiruka kutoka barazani hadi juu ya ukuta mara moja, sasa hupitia kwanza kwenye ndoo, au hukaa chini akiutazama ukuta. Manyoya ya kiunoni husokotana kwa kuwa hawezi kujipinda ajilambe. Kucha hurefuka. Ukimgusa kiunoni anakuuma, nanyi mnasema uzee umemharibu tabia! Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliangalia eksirei za paka 100 waliopita umri wa miaka 12: 90 walikuwa na dalili za viungo kuharibika.

Sasa Panadol. Usimpe paka hata kipande. Ini lake haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Damu hushindwa kubeba oksijeni, na anaweza kufa. Ibuprofen na diclofenac, dawa nyingine za maumivu za binadamu, nazo ni sumu kwa paka na mbwa pia: huharibu tumbo na figo. Dawa itoke kwa daktari wa mifugo, kwa kipimo cha uzito wa mnyama.

Nyumbani, mnene apunguzwe chakula polepole, asishindishwe njaa, maana paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula, ini hujaa mafuta. Mtandikie gunia lililokunjwa, mwekee kasha la kukanyagia, na maji yawe chini, si ghorofani. Mbwa mtembeze kidogo kila siku, kwenye mchanga ulioshikana karibu na maji. Ule tifutifu humchosha viungo.

Akianza kuruka tena, usimwongezee dawa kwa furaha wala kuendelea nayo kimyakimya. Mrudishe kwa daktari apimwe figo, hasa paka mzee.