Mfuko wa bastola ndani ya pikapu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kukaa kwenye usukani saa nzima na bastola kiunoni, mkanda wa kiti umekubana nyonga, ni adha. Ndiyo maana huko Texas, Oklahoma na majimbo mengine ya Marekani yenye pikapu kila kona, watu hufunga mfuko wa bastola ndani ya gari: chini ya usukani, ubavuni mwa kiti, au kwenye konsoli iliyo kati ya viti viwili. Waswahili wanaoishi Houston na Dallas huikuta mifuko hiyo kwenye magari ya rafiki na mabosi wao, na wapo waliojifungia ya kwao. Ushauri unaopita mdomo kwa mdomo ni mwingi, na sehemu kubwa yake ni ya hatari.

"Sumaku peke yake inatosha." Naanza na hii kwa sababu ndiyo ya bei rahisi na ndiyo mbaya kuliko zote. Ni kipande cha sumaku kilichofunikwa mpira, unakikaza kwa skrubu mbili, kisha unanatisha mgongo wa bastola hapo. Kifyatulio kinabaki wazi. Bastola kama Glock haina kiswichi cha usalama cha pembeni. Kinga yake imo ndani ya kifyatulio chenyewe, kwa hiyo chochote kitakachokibonyeza hadi mwisho kitafyatua risasi. Kamba ya koti inatosha. Kidole cha mtu anayeing'oa kwa haraka kinatosha zaidi.

Halafu kuna hiyo namba ya kwenye paketi. Ikiandikwa kwamba sumaku inabeba pauni 35, yaani karibu kilo 16, kipimo hicho ni cha kuivuta moja kwa moja kutoka kwenye bamba la chuma. Bastola iliyonatwa ubavuni haivutwi hivyo, inateleza, na kuteleza kunahitaji nguvu ndogo zaidi. Sasa piga hesabu ya ajali. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu kama mara 20 ya uzito wake. Glock 19 iliyojaa risasi 15 ina karibu gramu 850, kwa hiyo kwa kitambo hicho inavuta kama mzigo wa kilo 17. Sumaku itaachia, na chuma kitaruka humo ndani pamoja nanyi.

Mfuko wa kweli hufunika kabisa kitanzi kinachozunguka kifyatulio, huibana bastola isichomoke kwa mtikisiko, na umekazwa kwenye chuma, siyo kwenye plastiki ya dashibodi. Kama bastola inahama kutoka kiunoni kwenda garini na kurudi, bora ihame pamoja na mfuko wake. Kila inaposhikwa ikiwa nje ya mfuko ni nafasi nyingine ya kidole kukosea.

"Kuiweka chini ya kiti ni sawa tu na kuifungia mfuko, tofauti ni gharama." Tarehe 8 Machi 2016, katika Kaunti ya Putnam, Florida, mama mmoja alikuwa akiendesha pikapu, mwanawe wa miaka minne amekaa kiti cha nyuma. Bastola yake ilikuwa chini ya kiti cha mbele, imejaa, haijafungwa na kitu. Iliteleza hadi nyuma. Mtoto akajifungua mkanda, akaiokota, akamfyatulia mama yake mgongoni kupitia kiti. Mama alipona. Wiki chache baadaye, huko Milwaukee, mama mwingine aliuawa na mwanawe ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu, kwa bastola iliyoteleza vilevile kutoka chini ya kiti. Kwenye pikapu ya viti vya nyuma, sakafu ni moja: kinachoanzia kwa dereva hufika kwa watoto kwa breki moja ya ghafla au kilima kimoja.

Hapohapo niseme kwamba mfuko uliokazwa vizuri unazuia kuteleza, hauzuii mkono. Palipo na mtoto garini, bastola iwe mwilini mwa mtu mzima au ndani ya kisanduku chenye kufuli. Sioni njia ya tatu.

"Toboa popote palipo na nafasi." Fundi wa magari akisikia hivi anashika kichwa. Chini ya usukani, pikapu nyingi za miaka ya karibuni, kama Toyota Tacoma za kuanzia 2016, zina eabegi ya magoti, yaani mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Ubavuni mwa kiti cha dereva mara nyingi kuna eabegi nyingine. Na chini ya konsoli ya kati, juu ya sakafu, magari mengi yamewekewa kile kiboksi cha kompyuta kinachoamua eabegi zifumuke lini. Keekee ikipita hapo, gari linaweza kuonekana zima kabisa hadi siku ya ajali. Eabegi hufumuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ikikuta bastola imekaa mbele yake, itairusha kuelekea kwako. Nyaya za mfumo huo kwa kawaida huwa na soketi za rangi ya njano. Ukiona njano, acha. Kilicho bora ni kishikizo kinachotumia bolti za kiwandani zilizokuwepo, na kama ni bolti ya reli ya kiti, ikazwe kwa torki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye mwongozo wa gari.

Jambo ambalo wauzaji hawalipigi picha ni mtutu unaelekea wapi. Mifuko mingi ya chini ya usukani huulaza mtutu kuelekea paja la dereva au abiria. Kaa kwenye kiti, weka mfuko mtupu mahali unapopataka, kisha tazama mstari wake: uangukie sakafuni, mbele ya miguu ya watu.

"Gari langu ni kama nyumba yangu, sheria inaniruhusu." Inategemea uko wapi, na mipaka ya majimbo haina geti. Texas iliruhusu bastola iliyofichwa ndani ya gari bila leseni mwaka 2007, na tangu Septemba 2021 hata kutembea nayo hakuhitaji leseni kwa wengi. Lakini ikionekana kwa mtu wa nje, sharti iwe ndani ya mfuko. Ile iliyonatwa kwenye sumaku tupu ni vigumu kuitetea. California mambo ni kinyume: asiye na kibali cha kubeba aitoe risasi na aifungie kwenye buti au kisanduku chenye kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiki.

Pikapu haina buti, na hilo huwakamata wasafiri. Sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda anayetoka, tuseme, Pennsylvania kwenda New Hampshire akipitia New York, mradi anaruhusiwa kuwa na bastola anakotoka na anakokwenda, na haina risasi wala haifikiki. Kwa gari lisilo na buti, sheria inataka kisanduku chenye kufuli ambacho si droo ya dashibodi wala konsoli. Mfuko wa chini ya usukani, hata uwe mzuri vipi, unaivunja kinga hiyo.

Kwa wenzetu wenye viza ya masomo au matembezi: sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki au kushika bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya kuwinda. Kuazimwa pikapu yenye bastola konsoleni kunaweza kuhesabika kuwa unayo, na hatia ya silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, haguswi na katazo hilo la viza, ila naye hatia hiyo inaweza kumfukuzisha.

"Polisi akinisimamisha, namwambia tu ninayo." Mwaka 2016 huko Minnesota, Philando Castile, aliyekuwa na kibali, alimwambia askari kwa utulivu kwamba ana bastola. Alipigwa risasi akafa, na askari akaachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Hakuna mfuko unaotibu hofu ya askari. Unachoweza kupanga ni umbali: leseni ya udereva na karatasi za bima zikae mbali kabisa na bastola, mikono ikae juu ya usukani, na usinyooshe mkono popote kabla ya kuambiwa.

"Nimefunga milango." Everytown, shirika linalopigania udhibiti wa silaha, lilichambua takwimu za FBI likakuta kwamba zaidi ya nusu ya bunduki zilizoibwa mwaka 2022 zilitoka kwenye magari. Kioo huvunjwa kwa sekunde. Mfuko ni wa wakati dereva yumo. Akishuka, bastola ishuke naye, au ifungiwe kwenye kisanduku cha chuma kilichopitishiwa waya kwenye fremu ya kiti. Mfuko mtupu nao ufunikwe, maana ukionekana dirishani mwizi atavunja kutafuta kilichokuwa ndani yake. Vibandiko vya kampuni za bunduki kwenye kioo cha nyuma humwambia jambo lilelile, na wenye pikapu wanavipenda mno.