Pigmenti za bakteria wa baharini ni nini?

Kiswahili kimelibebesha neno rangi mizigo mingi. Rangi ni ule wekundu unaouona kwa macho, ni kopo la dukani la kupaka ukuta, na ni unga wa kuchovyea ukili kabla ya kusuka mkeka. Wanasayansi wakaongeza neno lao, pigmenti: ile kemikali yenyewe inayofyonza sehemu ya mwanga na kuiacha nyingine imfikie mtazamaji. Hina ina pigmenti yake, bizari ya manjano ina yake, damu ina yake. Bakteria wa baharini nao wanazo, wawe wanaishi majini, kwenye matope ya chini, au juu ya mwani, matumbawe na sifongo.

Bakteria mmoja haonekani kwa macho, sembuse rangi yake. Inabidi wajikusanye. Yupo mmoja aitwaye Trichodesmium, anayejilisha kwa mwanga wa jua kama mmea, ambaye bahari ikiwa shwari huelea kwa wingi hadi uso wa maji ukafanya utando wa kahawia au mwekundu, mithili ya unga wa mbao uliomwagika. Anapatikana pia katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wengi huamini kwamba yeye ndiye aliyeifanya Bahari ya Shamu iitwe Bahari Nyekundu. Mwanasayansi wa Kijerumani, Christian Gottfried Ehrenberg, aliukuta utando huo huko katika miaka ya 1820. Tutakutana naye tena baada ya kula ugali.

Ugali wenyewe ni wa Waitaliano, wanaouita polenta. Mwaka 1819, katika kijiji cha Legnaro karibu na Padova, ugali wa mahindi ulianza kutoa madoa mekundu kama damu, na wanakijiji wakasema ni mkono wa shetani. Mfamasia Bartolomeo Bizio hakuridhika na jibu hilo. Aliweka ugali mahali penye joto na unyevu, nao ukawa mwekundu vilevile bila shetani yeyote kuhusika. Kiumbe aliyemgundua akamwita Serratia marcescens. Neno la kwanza ni kumbukumbu ya Serafino Serrati, ambaye Bizio alimhesabu kuwa mvumbuzi wa chombo cha mvuke. La pili ni Kilatini, maana yake "inayochakaa", kwa sababu wekundu ule haukudumu. Mwaka 1848 Ehrenberg naye akampa kiumbe huyo jina lake mwenyewe, Monas prodigiosa, yaani wa ajabu. Jina hilo halikudumu, lakini pigmenti ilibaki nalo: prodigiosini.

Serratia si mkazi wa bahari hasa. Utelezi wa waridi kwenye pembe za bafu mara nyingi ni kazi yake. Ila prodigiosini hiyohiyo hutengenezwa na bakteria kadhaa wa baharini, kama Pseudoalteromonas rubra aliyetolewa Mediterania na Hahella chejuensis aliyepatikana kwenye matope ya bahari huko Jeju, Korea Kusini. Kwa wenye nia ya kuzalisha rangi hii ni habari njema, maana Serratia huweza kumwambukiza mgonjwa aliyelazwa hospitalini, hasa mwenye kinga dhaifu.

Sasa, bakteria anayeishi gizani kwenye matope anataka wekundu wa nini? Hana wa kumrembea. Jibu lenye mantiki zaidi ni kwamba rangi ni ziada tu, na kemikali yenyewe ni chombo cha kazi. Ile ya Hahella huua mwani mdogo unaosababisha mawimbi mekundu, balaa linaloua samaki wa kufugwa huko Korea. Violaceini, pigmenti ya zambarau inayotengenezwa na Pseudoalteromonas luteoviolacea, huua bakteria wengine, na pia huwachukiza viumbe vidogo vinavyokula bakteria. Karotenoidi, za manjano hadi nyekundu, hukinga seli dhidi ya madhara ya mwanga mkali na oksijeni. Melanini, ile tuliyonayo sisi ngozini, hufanya kazi ya mwavuli.

Ukilishika hilo, orodha ya matumizi inajieleza yenyewe, na matatizo yake pia. Chukua vyombo vya bahari. Babu zetu walipaka jahazi deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kwa sababu ubao ukikaa majini huota mwani na viumbe vyenye magamba, chombo kikawa kizito. Meli za kisasa zilitumia rangi zenye kemikali ya bati iliyothibitika kuharibu uzazi wa konokono wa baharini, na mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ukaanza kazi mwaka 2008. Katika kutafuta mbadala, watafiti walimgeukia Pseudoalteromonas tunicata, bakteria aliyetolewa juu ya mnyama wa bahari huko Sweden. Huyu hutengeneza kemikali kadhaa za kuwafukuza wanaotaka kujishikiza jirani yake, na mojawapo ni pigmenti ya manjano iuayo kuvu. Mimi naona hapa ndipo penye maana zaidi kuliko kwenye nguo, kwa kuwa pigmenti inaombwa kazi ileile iliyozaliwa nayo.

Kwenye nguo mambo ni magumu kidogo. Prodigiosini hushika vizuri sufu, hariri na nailoni, lakini pamba huishika kwa shida. Penye asidi huwa nyekundu au waridi, penye alkali hugeuka njano ya machungwa, na jua huififisha. Fikiria basi kanga: ni pamba, hufuliwa kwa sabuni, huanikwa juani. Bizio alishatuonya kwenye jina.

Kwa upande wa dawa, prodigiosini na violaceini zimeua seli za saratani na vimelea vya malaria kwenye maabara. Tafadhali isomwe vizuri: kwenye maabara. Kemikali inayoua seli ya saratani huweza kuua na seli zenye afya, na safari kutoka sahani ya kioo hadi kidonge ni ndefu. Obatoklaksi, iliyoundwa kwa kuiga umbo la prodigiosini, ilifika hadi kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, lakini haijaidhinishwa kuwa dawa.

Sababu ya watu kuendelea kuhangaika ni kwamba bakteria hahitaji shamba. Mzingifuri wa Kwale au Lamu, mti wa mbegu zenye rangi nyekundu, unangoja mvua na msimu. Bakteria hutoa rangi ndani ya siku chache kwenye pipa. Lakini maji ya chumvi hula chuma cha mapipa hayo, nyingi ya pigmenti hizi haziyeyuki majini bali hutolewa kwa alkoholi, na mavuno kwa kila lita ni kidogo. Ndiyo maana rangi za viwandani bado zina bei isiyoshindika.

Zilizokwisha kufika mezani ni zile zisizo na sumu. Astazanthini, karotenoidi inayomfanya kamba awe mwekundu akichemshwa, hutengenezwa pia na bakteria wa jamii ya Paracoccus, wakiwemo wa baharini, na bakteria wa jamii hiyo hutumika kwenye chakula cha samoni wa kufugwa ili minofu yao iwe ya waridi. Na mwaka 2013 Marekani iliruhusu peremende zitiwe rangi ya bluu inayotokana na spirulina. Huyo ni bakteria wa maji ya magadi, si wa baharini, na ndugu zake ndio chakula cha heroe wa Bogoria na Natron, ndege ambao hupata uwaridi wao kwa kula.