Kifungu cha 197 kimemfunga jaji mikono

Kesi yangu ya kwanza ya mauaji nilipangiwa na mahakama, zile ambazo mshitakiwa hana uwezo wa kuweka wakili basi serikali ndo inamlipia, na mteja wangu nilimwona kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile ya kusikilizwa, tunaongea kupitia nondo za mahabusu huku askari anatuhimiza tumalize. Kijana wa miaka 23. Walikuwa kilabuni wanakunywa yeye na rafiki yake, ukazuka ugomvi wa deni la gunia la mtama, akachukua kisu kilichokuwa kinakatia nyama hapo hapo akamchoma shingoni mara moja. Alafu akakaa chini, akampakata mwenzake kichwa mpaka watu wakafika. Hakukimbia.

Alipotiwa hatiani nikaambiwa niseme kama nina la kumwombea. Nikasema yote: ni kijana, hana rekodi ya makosa, amekaa mahabusu miaka minne, ana mtoto. Jaji aliandika kila neno, akaweka kalamu chini, akasema sheria imempa adhabu moja tu. Hukumu yenyewe ilisomwa kwa kiingereza, maana ilikuwa kabla ya 2021 Kiswahili hakijafanywa lugha ya mahakama, dakika kama arobaini hivi, na kijana wa watu amesimama kizimbani anamtazama jaji mdomoni. Mwisho karani akageuka akamtafsiria zile dakika arobaini kwa sentensi moja: umepatikana na hatia, utanyongwa mpaka kufa. Kijana akaniinamia akauliza, "Wakili, ni lini?"

Sasa ngoja nieleze sheria inavyokwenda, maana watu wengi wanabishana kuhusu adhabu ya kifo bila kujua inatolewaje. Kanuni ya Adhabu, sura ya 16, kifungu cha 197 kinasema anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Sio "anaweza kuhukumiwa", ni "atahukumiwa". Adhabu ya kuua bila kukusudia ipo kifungu cha 198, na pale jaji ana uwanja mpana, kuanzia kumwachia kwa masharti mpaka kifungo cha maisha. Kati ya hivyo vifungu viwili kilichosimama ni kitu kimoja tu, nia ovu. Na nia ovu haina picha wala risiti, inapimwa kwa mambo ya nje: silaha gani ilitumika, sehemu gani ya mwili, mapigo mangapi, alisema nini, alifanya nini kabla na baada. Kwa mteja wangu, kisu na shingo vilimwangusha, pigo moja na kutokukimbia vikampa nafasi. Mahakama ya Rufani ilikuja kusoma ushahidi ule ule, mashahidi wale wale, hakuna karatasi mpya hata moja, ikaona aliua bila kukusudia na ikampa kifungo cha miaka. Alikuwa ameshakaa kwenye wodi ya kondemu, ile ya wanaosubiri kunyongwa, miaka sita. Mi sisemi jaji wa kwanza alikuwa mzembe, hapana, nimesoma ile hukumu mara nyingi na amefikiri kwa uangalifu kabisa, ila watu wawili makini wakisoma jambo moja wanaweza kutofautiana, na hapa tofauti yao ni kamba ya shingoni.

Mtu akiniambia hii ni adhabu yetu ya asili huwa namkumbusha Kilwa. Pale Mwembe Kinyonga Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, mwaka 1895, na Old Moshi wakamnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, mwaka 1900. Waingereza nao wakaja na Kanuni ya Adhabu yao ya 1930, ndo hiyo tunayoitumia hadi leo na marekebisho yake. Wenyewe kwao walisimamisha kunyonga kwa kosa la mauaji mwaka 1965 na wakafuta moja kwa moja 1969. Sisi tumebaki tunawatunzia kamba.

Na wala sio kwamba Watanzania hatujalifikiria hili. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, Mahakama Kuu Dodoma, kwenye kesi ya Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa na 1995 Mahakama ya Rufani ikatengua. Lakini isomeni ile hukumu ya rufaa jamani, ambayo iliandikwa na Jaji Augustino Ramadhani, inakubali wazi kabisa kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, ikaokolewa tu na ibara ya 30(2) inayoruhusu haki kubanwa kwa maslahi ya jamii. Yaani mahakama yetu ya juu kabisa ilishasema ni ukatili, tangu 1995. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo hapo Arusha, ikasema adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi na kunyonga kunavunja utu, ikaiamuru Tanzania iondoe hiyo lazima ndani ya mwaka mmoja. Uganda walishaiondoa lazima 2009 kwenye kesi ya Susan Kigula, Kenya 2017 kwenye kesi ya Muruatetu. Burundi na Rwanda walifuta adhabu yenyewe, na Rwanda walifuta 2007, nchi iliyotoka kwenye mauaji ya kimbari.

Kuna wanaosema mbona tatizo halipo, tangu 1994 hajanyongwa mtu. Kweli, na Rais Magufuli mwaka 2017 alisema hadharani wasimpelekee orodha ya wa kunyongwa ili asaini. Ila aliyeko ndani hajui rais ajaye atakuwa na moyo gani. Mteja wangu alinisimulia siku waliyoletewa mzani wodini. Wote wanajua mnyongwaji anapimwa uzito, basi kukawa kimya, wazee wawili wakagoma kula siku mbili, mmoja akaanza kugawa nguo zake. Kumbe zahanati ya gereza ilikuwa inafuatilia wenye dalili za kifua kikuu. Hakuna aliyewaambia.

Najua hasira ya watu inatoka wapi. Mimi pia nilisoma habari za watoto wenye ualbino kukatwa viungo nikashindwa kulala. Mwaka 2009 pale Kahama watu watatu walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa miaka 14, nchi nzima ikasikia, na miaka iliyofuata mashambulizi yakaendelea. Anayetumwa na mganga anaamini hatakamatwa. Kinachomtisha ni upelelezi unaofika mpaka kwa mnunuzi wa kile kiungo, na huko ndo tumekuwa dhaifu miaka yote.

Wengine wananiletea dini. Haya, kwenye Kurani, Sura ya Al-Baqara aya ya 178, kisasi kimetajwa pamoja na msamaha wa ndugu wa marehemu na kulipwa diya, yaani fidia ya damu. Na Kaini alipomuua nduguye Mungu alimwekea alama ili mtu asimuue. Kifungu cha 197 hakina nafasi ya msamaha wa ndugu hata kidogo. Kwenye ile kesi yangu wazee wa familia mbili walishakaa kikao, upande wa kijana wakatoa ng'ombe, na mama wa marehemu alikuwa benchi la pili siku ya hukumu. Hakuulizwa chochote, sheria haina pa kumweka.

Ningekuwa bungeni ningefuta adhabu hii yote. Kama hilo ni zito basi kwa leo wabadilishe neno moja tu, "atahukumiwa" liwe "anaweza kuhukumiwa". Jaji akiuliza kama kuna la kumwombea mshitakiwa, jibu liwe na kazi. Sasa hivi mawakili wengi tukiulizwa tunasimama, tunasema mheshimiwa sheria ina adhabu moja tu, tunakaa.