Kabla ya kumchagua rais, uliza nani ana funguo

Ukikusanya vijana watano hapa Lubumbashi kwa jambo lolote lile, soda hazijafunguliwa wameshapata rais, makamu wake, katibu, mtunza hazina na mshauri. Kesho yake mtu anatafuta mwanasheria wa kuwaandikia katiba, chama kisajiliwe kwa sheria ya tarehe 20 Julai 2001 ya mashirika yasiyo ya faida. Sina ugomvi na sheria hiyo. Siku mtakapotaka akaunti ya benki mtaihitaji. Lakini kwenye mradi wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaweza kuitumia, kuisoma na kuibadilisha, komite ya namna hiyo haitawali kitu. Anayetawala ni mwenye ruhusa ya kuingiza kodi (maandishi ya programu, si ya serikali) kwenye hazina kuu inakohifadhiwa, aliyelipia jina la tovuti kwa kadi yake, anayejua neno la siri la seva. Hizo ndizo funguo. Mara nyingi huyo ni mtu mmoja, na mara nyingi siye rais.

Mimi ni mmoja wa watunzaji wa programu ndogo ya kuhesabu akiba ya dawa katika vituo vya afya. Tunaoiandika tuko hapa mjini, Likasi, Kolwezi na Bukavu. Halipwi mtu, na mega za intaneti kila mmoja anajinunulia. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowajibu wanaoniuliza tunaongozana vipi bila mshahara na bila mkubwa.

La kwanza ni kukubali kwamba hakuna wa kumwamuru mwenzake. Wazee wanaikumbuka salongo, kazi ya lazima ya umma ya enzi za Mobutu: ulitoka na jembe kwa sababu usipotoka ungetafutwa. Huku hatafutwi mtu. Debian, mradi wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na wenye katiba tangu 1998, umelisema hilo waziwazi: katiba haimlazimishi yeyote kufanya kazi, na aliyepewa kazi asiyoitaka anaweza kuiacha. Kisha inaongeza sharti moja, kwamba asihujumu maamuzi yaliyopitishwa kwa utaratibu. Sharti hilo nalipenda kuliko uhuru uliotangulia. Kukaa pembeni ruksa. Kumvuta shati anayefanya kazi, hapana.

Kiongozi wa Debian huchaguliwa kila mwaka. Mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba, kuanzia anayempenda zaidi, na kwenye karatasi kuna chaguo la kusema hakuna hata mmoja kati ya hawa anayefaa. Ningefurahi kuliona chaguo hilo kwenye karatasi nyingine pia, ila hayo si ya leo.

Kwa maamuzi ya kila siku, kura ya namna hiyo ni nzito mno. Tuliazima utaratibu wa Apache, shirika la miradi ya programu huria lililoundwa mwaka 1999. Mtu anatoa pendekezo kwa maandishi, wenzake wanajibu +1 kwa kuunga mkono, 0 kwa kutojali, -1 kwa kupinga. Ukimya unahesabiwa kuwa ridhaa. Kwenye mabadiliko ya kodi, -1 moja ya mwenye haki inasimamisha shughuli, lakini lazima ije na sababu ya kiufundi. Ikija mikono mitupu haina uzito.

Uzuri wa kanuni hii tuliuona kwenye suala dogo kabisa la tarehe ya dawa kuisha muda. Mwenzetu mmoja alipendekeza programu idai tarehe kamili: siku, mwezi, mwaka. Kupanga orodha kungekuwa rahisi, na +1 zikamiminika. Ndipo muuguzi wa Likasi akaweka -1 pamoja na picha za maboksi kutoka kwenye kabati lake. Mengi yameandikwa mwezi na mwaka tu, mathalani 08/2026, na maana yake ni kwamba dawa inafaa hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Sasa mkimlazimisha muuguzi kujaza siku, ataibuni. Akijaza tarehe 1, programu itamwambia Agosti nzima kwamba dawa nzuri imekufa, naye ataitoa kabatini. Akizoea kujaza 31, Septemba itamkatalia. Hakukuwa na cha kubishana. Leo programu inapokea mwezi na mwaka, halafu yenyewe inaweka siku ya mwisho.

Angalia lakini: muuguzi yule hajui kuandika hata mstari mmoja wa kodi. Kwa Apache, -1 yenye nguvu ni ya wale waliokwisha kukabidhiwa haki ndani ya mradi. Sisi tuliamua kwamba anayeitumia programu mbele ya mgonjwa naye anaweza kusimamisha badiliko linalogusa dawa. Wapo waliosema tunawapa breki wasiojua kuendesha. Mimi naona ndio wanaoijua barabara.

Jambo jingine tulilobadilisha ni muda. Desturi ya Apache ni kusubiri angalau saa 72 ili walio mbali nao waseme. Kwetu saa 72 zinaweza kupita umeme haujarudi Kolwezi, na ukimya wa mtu asiye na chaji si ridhaa. Tunasubiri siku saba. Na uamuzi unakuwa uamuzi ukishaandikwa palipo na kodi. Sauti ya dakika nne kwenye WhatsApp saa tano usiku ni maongezi matamu, lakini atakayejiunga mwakani hatajua mlikubaliana nini.

Nani apige kura? Hapa chama cha kawaida kingesema: aliyelipa mchango. Wakfu wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, nao una ada, paundi 15 kwa mwaka, ambazo kutoka huku hata njia ya kuzituma ni kero. Kwa hiyo ukaweka mlango wa pili: aliyechora ramani angalau siku 42 katika mwaka uliopita anaweza kuomba uanachama bila kulipa. Sisi tumechukua mlango huo wa pili tu. Kuandika mwongozo kwa Kiswahili, kujaribu toleo jipya kituoni, kujibu maswali, yote ni kazi.

Halafu kuna suala la mwajiri, ambalo mji wa migodi na miradi ya wafadhili unapaswa kulielewa haraka kuliko mwingine. Guido van Rossum aliiongoza Python, lugha ya kuandikia programu aliyoibuni, kwa cheo cha utani cha dikteta mwema wa maisha hadi Julai 2018, alipong'atuka baada ya mabishano makali juu ya alama moja mpya ya lugha hiyo. Waliobaki wakaunda baraza la watu watano, na wakaandika kwamba wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Si kwamba mwajiri ni mbaya. Ni kwamba mfadhili akiondoka na watu wake watatu, baraza linakufa siku hiyo hiyo.

Na funguo zenyewe? Kisa cha xz kinatosha. Ni programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mahali kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Kuanzia 2021 akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mchapakazi, huku majina mengine yakimsonga mtunzaji kwamba anachelewa, agawe madaraka. Akagawa. Mwezi Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri uliopandikizwa kwa jina la msaidizi yule. Wengi wamejifunza hapo kuwaogopa wageni. Mimi naona kosa liko kwa sisi tunaotumia kazi ya mtu mmoja kwa miaka bila kumuuliza kama anahitaji mapumziko.

Kwa hiyo kila ufunguo wetu una washikaji wawili, katika miji miwili tofauti. Asiyeonekana miezi sita ufunguo wake unalazwa, bila barua ya lawama. Akirudi anaomba na anarudishiwa. Ufunguo wa kusaini matoleo, unaothibitisha kwamba toleo limetoka kwetu kweli, hauko chini ya utaratibu huo: hata kwa aliyerudi, lazima watunzaji wawili wamsikie kwa simu kwanza, kwa sababu akaunti inaweza kurudi bila mwenyewe.