Kimondo si nyota iliyoanguka

Huku Mbeya na Songwe, tangu utotoni tunaambiwa kimondo ni nyota iliyoanguka. Sivyo. Nyota ni jua la mbali, kubwa kupindukia. Kimondo kwa kawaida ni kipande cha asteroidi, mwamba uliokuwa ukizunguka Jua.

Kile cha Mbozi, chenye tani 16 hivi, ni chuma na nikeli. Mimi huvutiwa zaidi na vimondo vya mawe. Baadhi vina mishipa myeusi, myembamba kama uzi: hapo mwamba uliyeyuka ghafla asteroidi zilipogongana, kisha ukaganda. Wanasayansi hupima gesi ya agoni iliyonaswa ndani, wakajua mgongano ulitokea lini. Kundi moja la mawe hayo linatupeleka kwenye pigo la miaka milioni 470 hivi iliyopita. Asteroidi kubwa ilivunjika, na vipande vyake vinatuangukia hadi leo.