Je, wajua kwa nini barabara nyofu za mashambani Marekani hukata kona ghafla?

Ukiruka kwa ndege juu ya Kansas, chini unaona miraba tu. Barabara ya vumbi imenyooka kilomita nyingi kuelekea kaskazini, halafu bila mlima wala mto inakata kulia, inakwenda mita mia moja na ushee, inakata kushoto na kuendelea na safari yake. Maelezo yanayopendwa ni kwamba mpima ardhi alikuwa amelewa. Wengine humlaumu mkulima fulani aliyegoma kutoa shamba lake.

Huyo mlevi tumsamehe. Kona hizi hazikutapakaa ovyo: mara nyingi zimejipanga kwenye mstari mmoja wa mashariki na magharibi, barabara baada ya barabara, na maili 24 au 30 mbele unakuta mstari mwingine kama huo. Tena upande zinakokata una utaratibu, na zile zilizo mbali na mstari mkuu wa upimaji, yaani ule wa kaskazini na kusini ambako vipimo vilianzia, ndizo ndefu zaidi. Mlevi gani ana nidhamu hiyo? Mkulima mbishi naye angeharibu barabara moja, si zote za wilaya.

Chanzo ni sheria ya tarehe 20 Mei 1785. Serikali changa ya Marekani ilikuwa na madeni ya vita vya uhuru na haina fedha, ila ilidai ardhi kubwa magharibi, ikiwemo ile waliyoishi wenyeji wa asili kama Washawnee na Wadelaware. Ikaamua kuigawa na kuiuza. Ardhi ingekatwa kata za mraba, maili 6 kwa 6, kila moja vipande 36 vya ekari 640, na kipande cha 16 kikatengwa kwa ajili ya shule. Thomas Hutchins, mpima ardhi wa serikali, alianza kupima Septemba 30 mwaka huohuo kando ya mto Ohio, akaenda maili chache tu, akasimamisha kazi kwa kuhofia mapigano.

Kwa hiyo sehemu nyingi kata ilitangulia walowezi. Mwaka 1877, watu weusi waliotoka utumwani walipohama Kentucky kwenda kuanzisha Nicodemus, Kansas, bikoni zilikuwa zimeshapigwa. Miti ya kujengea ilikuwa haba, wakaanza kwa kuchimba makao ardhini, ndani ya miraba iliyochorwa kabla yao.

Tatizo ni kwamba sheria iliagiza mambo mawili yasiyopatana: mistari ielekee kaskazini halisi, na kata ziwe mraba kamili. Dunia ni mviringo. Menya chungwa utazame mistari kati ya pande zake: katikati ya tunda imeachana, lakini kadiri inavyopanda kuelekea kikonyo inasogeleana mpaka inakutana. Mistari ya kaskazini ya wapimaji nayo ni hivyohivyo. Kwenye latitudo ya Kansas, kata yenye upana wa maili 6 upande wa kusini hupungua kama mita 12 ikifika upande wa kaskazini. Si kitu kwa kata moja. Zipange kata tano kwenda juu, nyingine kadhaa kwenda pembeni, na upungufu unafika mita mia kadhaa.

Dawa yake ilikuwa kukubali kosa kwa mpangilio. Kila baada ya umbali fulani walipiga mstari wa masahihisho, wakapima upya maili 6 kamili kutoka hapo. Mistari ya juu haikukutana na ya chini, na barabara zilizofuata mipaka zikalazimika kuruka pembeni.

Si kila kona ni ya aina hiyo, lakini. Dira ziliyumba, minyororo ya kupimia ilirefuka kwa kutumika, na wapimaji waliolipwa kwa maili hawakuwa na sababu ya kurudia kazi. Kona moja iliyokaa peke yake inaweza kuwa uzembe wa kawaida, na ukitaka hakika lazima ufungue daftari la mpimaji mwenyewe.

Ndani ya kata upungufu nao ulipangiwa mahali: ulisukumwa kwenye vipande vya ukingo wa kaskazini na wa magharibi. Kipande cha 6, kilicho kwenye pembe ya kaskazini-magharibi, kinapunjwa pande zote mbili, na ramani za serikali kwa kawaida huonyesha kwenye kingo zake hizo viwanja saba vyenye ekari zisizolingana. Aliyenunua hapo kutoka serikalini alilipia ekari zilizoandikwa kwenye ramani.